Mheshimiwa Waziri, tuanzie kwa transfoma ya mtaani

Kwa Waziri wa Nishati na Petroli,

Mheshimiwa, nakusalimu kutoka mtaa wa Umoja, Nairobi, ninakopanga na ninakolaza gari la umeme ninaloendeshea teksi. Gari lenyewe sina ugomvi nalo. Shida ni mahali pa kulilisha.

Abiria wangu huniuliza: magari haya yakiwa mengi, stima zitatosha? Saa mbili usiku, swali hilo lina uzito. Nairobi nzima imewasha taa, pasi na maji ya kuoga, na kilele cha matumizi nchini kimeshapita megawati 2,300. Lakini niulize saa tisa usiku. Watu wamelala, upepo unazungusha mitambo ya umeme ya Loiyangalani, na kule Olkaria mvuke wa ardhini wa kuzalisha umeme huachiliwa hewani kwa kukosa wa kuutumia. Umeme wangu ni huo.

Kati yangu na mvuke huo kuna transfoma moja, ile ya nyuma ya kinyozi. Ilifungwa wakati ploti zilikuwa na nyumba za chini. Leo ni magorofa tu. Chaja ya gari ya nyumbani hula kama kilowati 7. Magari 30 yakichomekwa pamoja jioni ni kilowati 210, na transfoma ya kVA 200, isiyobeba zaidi ya kilowati 200, imeshazidiwa kabla mtu hajabandika chai. Yetu ililipuka mwaka jana, na gari la umeme mtaani lilikuwa langu tu. Siku tatu gizani. Jirani anayeuza samaki aliwagawa wote bure.

Mwaka 2023 iliwekwa bei maalum ya kuchaji: shilingi 16 kwa yuniti, na 8 usiku umeme usipogombaniwa. Niliisoma nikaitamani. Mimi hununua tokeni za mita ya landilodi, na mita hiyo haijui saa mbili wala saa tisa. Basi nachomeka nikifika tu, pamoja na wenye pasi. Ningoje usiku wa manane kwa faida gani?

Ombi langu ni dogo kuliko bwawa jipya. Kabla ya kuzindua kituo kingine cha chaji huko Westlands, chagua mtaa mmoja wa huku kwetu Eastlands. Ongeza transfoma, kisha fungeni mita ya kuchajia pale tunapoegesha, bei ya usiku imfikie na mpangaji. Watu wa boda za umeme watakuwa wa kwanza kwenye foleni, na ni haki yao, wao ndio wengi.

Landilodi nimeshaongea naye. Ukuta wa kufungia mita ametoa.

Dereva wa teksi, Umoja