Wajane wa nevi hawafukuzii hela

Mhariri, naomba nafasi kidogo, ile barua ya wiki iliyopita imenikera. Mwenzetu anasema wajane wa wanajeshi wa nevi, yaani jeshi la majini, huku Marekani wanafungua kesi za asbesto (yale madini ya nyuzinyuzi ambayo vumbi lake huleta saratani) kwa tamaa tu, eti mtu kafa na miaka themanini unadai nini. Mimi nipo Virginia, kazi yangu kulea wazee majumbani, na mmoja wao nimemhudumia mpaka siku ya mwisho.

Mzee alikuwa fundi boila melini miaka ya 60. Kule chini mabomba yalivishwa asbesto kuzuia joto, kwa hiyo kila pampu au valvu ikitaka kufunguliwa unabandua kwanza lile vazi lake halafu gasketi unaikwangua na brashi ya waya, vumbi linatimka kama upo mashine ya kusaga, barakoa hamna. Aliniambia vijana walikuwa wanarushiana mabonge yake kwa utani. Akastaafu, akaona wajukuu, ndio kifua kikaanza kujaa maji. Mesotelioma, saratani ya utando wa mapafu inayoletwa na asbesto, ndivyo ilivyo, inaweza kukaa kimya miaka 20 hata 50, ikijitokeza imeshamaliza kazi.

Sasa umshtaki nani? Serikali haigusiki, tangu 1950 Mahakama ya Juu ilishasema mwanajeshi aliyeumia kazini hawezi kuidai fidia mahakamani na familia nayo hivyohivyo. Wanabaki waliouza pampu na mitambo, nao jibu lao ni kwamba sisi tulileta chuma kitupu, asbesto mmeifunga wenyewe. Yaani uniuzie jiko la mkaa, likinitoa roho ndani ya chumba useme wewe mkaa hujauza! Wajane wawili walilibishia hilo mpaka huko huko Mahakama ya Juu, na Machi 2019 majaji 6 dhidi ya 3 wakasema kwa kesi za baharini, kama mtambo hauwezi kufanya kazi iliyokusudiwa bila kitu kingine kuongezwa, kama hiyo asbesto, na mtengenezaji anajua au alipaswa kujua ni hatari, na hana sababu ya kuamini kwamba watumiaji wanajua, basi alitakiwa aonye. Kuonya tu, jamani.

Na usidhani kushinda ni rahisi. Mawakili walikuja kumrekodi mzee akiwa kitandani, mpira wa oksijeni puani, wanamuuliza pampu ya chumba fulani ilikuwa ya kampuni gani, zaidi ya miaka 50 nyuma (mimi basi nililopanda jana silikumbuki). Anajibu maneno matatu, anapumzika, mkewe anamfuta jasho, wanaendelea.

Usiku ule saa nane akaniita. Nikajua maumivu, nikabeba dawa. Kumbe anataka nimuandikie kikaratasi asisahau, kwamba ile pampu ya pili aliyoitaja siyo ya kampuni ile, alichanganya na meli nyingine, asubuhi wakili apigiwe simu aifute.

Mlezi wa wazee, Virginia