Mfuko wa asilimia 22 na wetu wa asilimia 16

Wiki iliyopita mama mmoja wa Mugunga, Goma, aliturudishia mfuko wa chakula cha ng'ombe ukiwa nusu. Aliutua kwenye mzani, akasema mbele ya wateja kwamba tumemwibia: wetu umeandikwa protini asilimia 16, na kwingine kauziwa wa asilimia 22 kwa bei ya chini. Si wa kwanza. Tangu mvua zianze tunaambiwa hivyo kila mara, na inatuuma, maana chakula hiki tunakichanganya kwa mikono yetu. Kosa letu ni kwamba hatukumweleza siku aliyonunua.

Namba ile kwenye mfuko haitokani na kupima protini yenyewe. Maabara hupima nitrojeni, ambayo imo ndani ya protini, kisha huzidisha kwa 6.25. Urea, ile mbolea nyeupe ya shambani, ina nitrojeni asilimia 46, kwa hiyo kwa hesabu hiyo "protini" yake ni asilimia 287. Chukua kilo 96 za pumba za mahindi, ambazo protini yake ni kama asilimia 11, tia kilo 4 za urea, upime: utapata 22. Hata punje moja ya soya haimo.

Ng'ombe anaweza kutumia urea, ila kwa kiasi. Tumbo lake la kwanza, lile kubwa linalojaa ubavu wa kushoto, limejaa vijidudu, na hao ndio wanaokula mwanzo. Protini ya majani, ya mashudu, hata urea, wanaivunja mpaka iwe amonia, ile hewa kali inayochoma macho, halafu wanaitumia kujijenga miili. Wakisukumwa hadi tumbo la nne na utumbo mwembamba, ng'ombe anawameng'enya wao wenyewe. Mara nyingi zaidi ya nusu ya protini anayopata inatoka kwao. Lakini kujenga kunataka nguvu: wanga wa mahindi, mihogo mikavu, au molasi. Nguvu ikikosekana, amonia inapenya ukuta wa tumbo, inaingia kwenye damu, ini linaigeuza kuwa urea tena, na nyingi inatoka na mkojo. Pesa yako imemwagika zizini.

Sasa ng'ombe wa mama huyu wanakatiwa majani machanga ya kikuyu kutoka upande wa Sake. Kikuyu ya wakati wa mvua ina protini nyingi, tena inayovunjika upesi. Nilimuuliza kinyesi kikoje. Akasema ni majimaji, na asubuhi zizi linachoma macho. Basi amonia walikuwa nayo ya kutosha kabla ya kuonja mfuko wa mtu yeyote. Walichokosa kwanza ni wanga, halafu protini inayolipita tumbo la kwanza ikiwa nzima.

Kwenye protini hiyo ndipo bei yetu inapotoka. Soya mbichi vijidudu wanaimaliza haraka. Ikikaangwa vizuri, sehemu kubwa zaidi inawapita. Ikiungua, hata utumbo unaishindwa. Tunaikaanga kwenye pipa la chuma juu ya makala, mtu mmoja anazungusha bila kuondoka, na tunapasua punje kuangalia rangi ya ndani. Mwaka jana tulitupa mifuko miwili kwa sababu kijana alitoka kidogo kupokea simu. Hasara ile hatukumuuzia mtu.

Njia ya mkato ninayoiogopa zaidi ni ya kununua urea na kujichanganyia nyumbani. Mfugaji mmoja wa barabara ya Rutshuru aliiyeyusha kwenye ndoo ya maji ya kunywa. Ng'ombe waliotangulia kunywa wakaanza kutetemeka, povu mdomoni, tumbo likavimba. Wawili walikufa kabla veterineri hajafika. Mwingine aliichanganya na soya mbichi, na mfuko ulipopata unyevu harufu ya amonia ikajaa stoo nzima, kwa sababu soya mbichi ina kimeng'enya kinachoivunja urea. Ng'ombe wa maziwa hauzwi bei ya mfuko.

Sisi wenyewe tunatumia urea wakati wa kiangazi, ng'ombe wanapokula mabua na majani yaliyokomaa. Chakula chote kikiwa na protini chini ya asilimia 7 hivi, vijidudu wanadhoofika na majani hayasagiki. Hapo tunatia urea kidogo, isizidi asilimia 1 ya chakula chote kikiwa kikavu, pamoja na molasi, na ng'ombe anazoeshwa kwa wiki tatu. Ndama hapewi kabisa. Na ikiwemo, tunaiandika kwenye mfuko.

Yule mama hatukumwongezea soya. Tulipokea ule mfuko nusu, tukampimia mahindi yaliyosagwa na mihogo mikavu kwa thamani ileile, na akabakiwa na chenji. Ukija kununua, leta konzi ya majani wanayokula ng'ombe wako na utuambie kinyesi chao kikoje. Kwa ushauri huo hatutozi hata faranga.