Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Afya Duniani: watu wapandishwe mzanini kwanza

Mheshimiwa Dkt. Tedros Adhanom Ghebreyesus,

Nakusalimu kwa heshima zote. Nakuandikia kuhusu majedwali ya shirika lako yanayoonyesha asilimia ya watu wazima wenye unene uliokithiri katika kila nchi, mwaka hadi mwaka. Ukiyafungua huoni pengo hata moja. Kila nchi ina namba yake ya mwaka 1990, ya 1991, ya 1992, na kuendelea hivyo hadi 2022. Msomaji asiyeijua kazi hii ataamini kwamba kila mwaka, katika kila nchi, kuna watu walivua viatu wakapanda mzanini. Haikuwa hivyo. Sehemu kubwa ya namba hizo ni makadirio.

Ninachoomba ni kwamba namba iliyotokana na mzani na namba iliyotokana na hesabu za kompyuta zitenganishwe waziwazi mbele ya macho ya kila msomaji, na kwamba shirika lako litumie nguvu zake kuzisaidia nchi kuongeza zile za aina ya kwanza.

Sibishani na ukubwa wa tatizo. Uchambuzi wa NCD-RisC, mtandao wa wanasayansi wanaofuatilia vihatarishi vya magonjwa yasiyoambukiza, uliofanywa kwa kushirikiana na shirika lako na kuchapishwa mwaka 2024, ulionyesha kwamba mwaka 2022 watu zaidi ya bilioni 1 duniani walikuwa wanaishi na unene uliokithiri. Kati yao watu wazima walikuwa milioni 879, na watoto na vijana milioni 159. Kwa wanawake kiwango kilitoka asilimia 8.8 mwaka 1990 hadi asilimia 18.5, kwa wanaume kilitoka asilimia 4.8 hadi 14.0. Katika visiwa vya Tonga, Nauru na Samoa ya Marekani, zaidi ya nusu ya watu wazima wamo katika kundi hilo. Mwaka 2025 UNICEF nayo ikatangaza kwamba, kwa mara ya kwanza, watoto na vijana wa miaka 5 hadi 19 wenye unene uliokithiri wamewapita kwa idadi wale wenye uzito pungufu. Mwelekeo huo hauna ubishi. Shaka yangu ni juu ya kile tunachodhani tunakijua kuhusu nchi moja moja.

Uchambuzi ule wa 2024 ulikusanya tafiti 3,663 zenye watu milioni 222 waliopimwa urefu na uzito. Ni kazi kubwa na ya kuheshimiwa. Lakini nchi 200 kwa miaka 33 zinahitaji jedwali lenye visanduku 6,600. Tafiti zenyewe hazikutawanyika sawasawa: nchi chache zina nyingi mno, nchi nyingi zina chache, na baadhi ya tafiti zilihusu mkoa au jamii moja tu. Kisanduku kisicho na utafiti hujazwa kwa kuazima: kutoka miaka mingine ya nchi hiyohiyo, kutoka nchi jirani, kutoka kanda nzima. Wataalamu wanalieleza hilo bila kificho, na kila namba wameiwekea upana wa mashaka yake. Tatizo huanza namba inapotoka kwenye makala na kuingia kwenye hotuba na mipango ya bajeti. Huko hufika peke yake, mashaka yake yameachwa njiani.

Naomba ulitazame jambo hili kwa jicho la waziri wa afya anayejitahidi. Tuseme nchi yake imepandisha kodi ya vinywaji vyenye sukari, imebana matangazo ya vyakula yanayolenga watoto, na imejenga njia za waenda kwa miguu. Baada ya miaka mitano anafungua jedwali kuona kama kuna kilichobadilika. Kama ndani ya miaka hiyo hakuna utafiti mpya uliofanyika nchini mwake, mstari anaouona umechorwa zaidi na mwendo wa majirani zake kuliko watu wake mwenyewe. Juhudi zake hazimo. Akishindwa, jedwali halitamwonyesha. Akifaulu, halitamwonyesha vilevile. Atakwenda bungeni kutetea kodi ile na namba isiyojua kama kodi ile iliwahi kuwepo. Hili ndilo linaloniumiza zaidi, kwa sababu sera nzuri hufa kwa kukosa ushahidi, na ushahidi unakosekana kwa kukosa mzani.

Nchi zilizojenga utaratibu wa kupima zinatuonyesha tofauti. Marekani imekuwa ikipima sampuli ya watu wake tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960, na kwa utafiti wake wa sasa wataalamu hufuata watu mji kwa mji na vituo vya uchunguzi vinavyohamishika. Ndiyo maana inaweza kusema kwa uhakika kwamba watu wazima wenye unene uliokithiri walikuwa takriban asilimia 13 mwanzoni mwa miaka hiyo ya 1960, asilimia 15 mwishoni mwa miaka ya 1970, asilimia 30.5 mwaka 1999 na 2000, na asilimia 42.4 mwaka 2017 na 2018. Katika kipimo cha Agosti 2021 hadi Agosti 2023 kiwango kilikuwa asilimia 40.3. Kushuka huko ni kudogo, na kitakwimu bado hakujathibitika. Papo hapo unene wa kiwango cha juu kabisa uliongezeka, kutoka asilimia 7.7 mwaka 2013 na 2014 hadi asilimia 9.7. Mambo mawili yanayokwenda pande tofauti ndani ya nchi moja: hilo huwezi kulipata kwa kuazima namba za jirani. Uingereza nayo, kupitia utafiti wa afya wa England ulioanza mwaka 1991, iliona kiwango kikipanda kutoka asilimia 15 mwaka 1993 hadi asilimia 28 mwaka 2019. Japani, ambayo kiwango chake ni cha chini sana, ilisitisha utafiti wake wa kitaifa wa lishe mwaka 2020 na 2021 kwa sababu ya korona, na miaka hiyo haina kipimo. Pengo lililoachwa wazi ni taarifa ya kweli.

Mimi nimefanya kazi ya udadisi katika tafiti za kaya, yaani kupita nyumba kwa nyumba kuuliza na kupima, kwa hiyo niruhusu niseme kidogo kuhusu kipimo chenyewe. Kinaonekana chepesi: unachukua uzito kwa kilo, unaugawanya kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Ikifika 25, mtu ana uzito uliozidi. Ikifika 30, ana unene uliokithiri. Sasa mchukue mtu mwenye kilo 76 na urefu wa mita 1.60. Uwiano wake ni 29.7, yuko chini ya mpaka. Ubao wa kupimia ukiwa umeegemezwa vibaya ukasoma mita 1.58, mtu huyohuyo anakuwa na 30.4, na takwimu za taifa zimeongezeka mtu mmoja. Na badala ya kumpima, ukimuuliza tu? Watu wengi hujiongezea urefu kidogo na kujipunguzia uzito, wala si kwa nia mbaya. Akikuambia ana kilo 73 na mita 1.63, uwiano unashuka hadi 27.5. Hayumo tena katika hesabu. Ndiyo sababu utafiti wa kuulizana kwa simu hauwezi kuwekwa kwenye mstari mmoja na utafiti wa mzani, hata kama vyote viwili vimefanyika nchi moja na mwaka mmoja.

Kwenye kaya mambo huwa magumu kuliko yanavyosomeka kwenye mwongozo. Sakafu haiko sawa, inabidi utafute ubao wa kuweka chini ya mzani. Mtu amevaa nguo nzito na ana simu na funguo mifukoni. Mwingine amefunga nywele juu, na kipande cha kusukuma cha ubao wa urefu hakigusi kichwa. Visigino lazima viguse ubao, macho yatazame mbele, na usomaji uchukuliwe kabla hajajitikisa. Mdadisi aliyefunzwa vizuri anayajua haya yote na anarudia kipimo bila kuambiwa. Aliyefunzwa kwa haraka anaandika anachokiona na kuondoka. Tofauti ya wawili hao haionekani popote kwenye ripoti, ila ikijirudia kwa maelfu ya watu inaweza kuonekana kama mabadiliko ya afya ya taifa zima.

Halafu kuna suala la nani anapimwa. Kwa miaka mingi nchi nyingi za kipato cha chini na cha kati zimetegemea tafiti za idadi ya watu na afya zilizofadhiliwa na Marekani tangu 1984. Tafiti hizo zimefanya kazi kubwa, lakini zilibuniwa kufuatilia uzazi na afya ya mama na mtoto. Kwa hiyo waliopandishwa mzanini walikuwa hasa wanawake wa miaka 15 hadi 49 na watoto wa chini ya miaka mitano. Wanaume walipimwa hapa na pale. Mwanamke akitimiza miaka 50, umri ambao kisukari na shinikizo la damu huanza kumwandama mtu kwa nguvu, anatoka kwenye takwimu. Na mapema mwaka 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake, mpango huo ulikatwa ghafla. Nchi zilizokuwa na dirisha moja zikabaki hazina.

Shirika lako lina chombo kinachoweza kuziba sehemu ya pengo hili. Utafiti wa STEPS una hatua tatu: maswali, vipimo vya mwili, kisha vipimo vya damu. Unawachukua wanaume na wanawake, hadi umri wa miaka 69, na unapima pia mzunguko wa kiuno, jambo lenye maana kubwa kwa sababu uwiano wa uzito na urefu haujui mafuta yamekaa wapi mwilini. Chombo kipo. Kinachokosekana ni kukirudia. Nchi inayofanya STEPS mara moja halafu ikakaa zaidi ya miaka kumi haina mwelekeo wa kuonyesha. Ina nukta moja kwenye karatasi.

Kuhusu mpaka wa 30 wenyewe nitasema machache. China inatumia 28, Japani inatumia 25, na shirika lako lenyewe lilikubali mwaka 2004 kwamba kwa watu wengi wa Asia hatari huanza mapema zaidi. Mwaka 1998 Marekani ilipoteremsha mpaka wa uzito uliozidi hadi 25, mamilioni ya watu waliingia katika kundi hilo bila mwili wa yeyote kubadilika. Kila nchi iwe na mpaka wake kwa matibabu kama wataalamu wake wanaona inafaa, ila kwa kufuatilia wakati, mpaka ubaki uleule tangu kipimo cha kwanza, na takwimu ghafi zihifadhiwe ili mpaka ukibadilika miaka ya nyuma ihesabiwe upya.

Kwa hiyo naomba, kwanza, kila jedwali la shirika lako lionyeshe pembeni ya jina la nchi ni mwaka gani watu wake walipimwa mara ya mwisho kwa sampuli ya kitaifa, ni wa jinsia gani na wa umri gani. Namba iliyokadiriwa iandikwe kwa rangi au alama nyingine. Haitagharimu kitu, na itamsaidia mwandishi wa habari, mbunge na mwanafunzi kujua anasimama juu ya nini.

Ombi la pili ni la wale wanaopimwa. Mtu akishuka kwenye mzani huuliza, "Ngapi?" Tunamtajia kilo zake, tunaandika, tunakunja vifaa. Mara nyingi hakuna anayemweleza maana ya namba ile, wala aende wapi kama inatia wasiwasi. Tumeingia nyumbani kwake, tumemvua viatu mbele ya wanawe, tumechukua namba yake tukaifanya asilimia. Naomba miongozo yenu iseme bila kuacha mwanya kwamba kila aliyepimwa aondoke na matokeo yake yaliyoandikwa, maelezo ya heshima yasiyomwaibisha, na jina la kituo cha afya kilicho karibu naye.

La mwisho ni kuhusu shabaha. Mwaka 2013 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulikubaliana kwamba hadi 2025 ongezeko la unene uliokithiri liwe limesimama, likilinganishwa na mwaka 2010. Mwaka 2025 umepita na ongezeko halikusimama. Mwaka 2022 mkutano huohuo ukapitisha mpango wa kuharakisha mapambano haya, na sasa macho yote yako 2030. Lakini zipo nchi zilizopewa shabaha ya kulinganishwa na 2010 ilhali mwaka huo hazikuwa na kipimo chao wenyewe. Zililinganishwa na makadirio mwanzoni, na makadirio mwishoni. Tafadhali lisirudiwe. Nchi isiyo na kipimo cha mwanzo, kabla ya kukabidhiwa shabaha nyingine, ipatiwe mizani iliyohakikiwa, wadadisi waliofunzwa, na ratiba ya kurudi kwenye kaya kila baada ya miaka mitano ambayo bajeti yake haitegemei mfadhili mmoja.

Wako kwa heshima,

Mdadisi wa tafiti za kaya