Mhariri, lile tope sio pori

Mhariri, salaam na poleni na kazi. Naandika hii nimetoka shifti ya usiku kwahiyo nikiruka herufi unisamehe, na simu yenyewe kila neno inanirekebishia kwa Kizungu.

Kuna msomaji wenu aliandika kwamba Wamarekani wamechanganyikiwa, wana mashamba mazuri kabisa kando ya bahari, wanayabomolea matuta maji ya chumvi yaingie, kisa samaki. Akamalizia kwamba na sisi tunaokatazwa kulima mpunga kwenye mikoko tunaletewa akili hizohizo. Kwanza nilicheka, halafu nikakasirika kidogo, halafu nikasema ngoja nimjibu, maana shamba la namna hiyo lililobomolewa tuta mi nakaa dakika 15 kutoka hapo, na kuzaliwa nimezaliwa delta ya Rufiji, kwahiyo kwenye mada hii sijadandia treni kwa mbele.

Sehemu yenyewe inaitwa Nisqually, jimbo la Washington, kule juu kabisa magharibi mwa Marekani, katikati ya miji ya Olympia na Tacoma. Mto unaanzia kwenye barafu ya mlima Rainier, unashuka kama kilomita 130 hivi mpaka unamwaga kwenye Puget Sound, ambayo ni bahari iliyoingia ndani ya nchi. Mwaka 1904 akaja jamaa mmoja, Alson Brown, akanunua ardhi pale mlangoni mwa mto, akazungushia tuta la udongo la maili kama 4, bahari ikabaki nje, yeye ndani akafuga na kulima. Na tusidanganyane, lilikuwa shamba kweli, mabanda mawili makubwa ya enzi za shamba yamesimama mpaka leo watu wanapiga nayo picha. Tuta likakaa zaidi ya miaka 100.

Sasa hapo ndani kabla ya tuta kulikuwa na nini? Msomaji wenu atasema kulikuwa na tope. Ndiyo, tope, na majani ya chumvi, na vijito vimejikunjakunja kama utumbo wa mbuzi, maji yanajaa yanapwa mara mbili kwa siku. Ndipo watoto wa samoni walipokuwa wanakulia.

Huyu samoni mnamjua, yule wa nyama ya rangi ya chungwa kwenye menyu za mahoteli ya bei mbaya. Anazaliwa juu huko mtoni kwenye changarawe, anashuka baharini anakaa miaka, akishakomaa anarudi kwenye mto uleule aliozaliwa, anataga, anakufa. Hiyo wengi wanaijua. Wasichokijua ni kilichopo hapo katikati. Yani kitoto kinafika mlangoni mwa mto, wengine bado urefu wa kidole, mwili umezoea maji ya mto. Kwenye maji ya mto kazi ya mwili wa samaki ni kung'ang'ania chumvi kidogo iliyopo na kutoa maji yanayozidi, sasa akiingia baharini kila kitu kinageuka, inabidi anywe maji na atoe chumvi, mashavu yake ya kupumulia yaanze kufanya kazi kinyume na jana. Hiyo mashine haigeuzwi kwa nusu saa. Ukimtupa baharini moja kwa moja bado mdogo hivyo ni kama kumtoa mtoto chekechea ukampeleka jeshini. Delta ndiyo inampa nafasi, maji yamechanganyika, anasogea mbele kidogo kwenye chumvi, akizidiwa anarudi nyuma, kesho anajaribu tena.

Na huku anakula, aisee anakula. Wadudu wanaanguka kutoka kwenye majani, vimbu, vijidudu vya kwenye tope, vikamba vidogo ambavyo kwa macho huvioni. Maji yakijaa anapanda nayo mpaka ndani kabisa kwenye vile vijito vyembamba ambako samaki wakubwa hawaingii kirahisi, yakianza kupwa anashuka nayo mpaka kwenye mkondo usiokauka, anasubiri. Hapa maji yanapanda na kushuka mpaka mita 4 hivi, bamvua lake sio la mchezo. Wengine wanakaa siku chache wanaondoka, wengine wiki, wengine hata miezi. Yule samoni mkubwa kuliko wote, wenyewe wanamwita mfalme, ndiye anayeitegemea delta kuliko wenzake, na anayeondoka akiwa amenenepa ndiye mwenye nafasi nzuri ya kurudi akiwa mkubwa, maana baharini kule mdogo ni kitoweo cha kila mtu.

Watu wanauliza wamejuaje haya. Samaki ana kijiwe ndani ya kichwa, upande wa sikio, kinaongezeka mstari mmoja mmoja kadiri anavyokua kama miti inavyoweka pete, wataalamu wanakikata wanakisoma kwenye darubini, wanaona hapa alikuwa mtoni, hapa akaingia delta, hapa alikula vizuri. Mimi niliposikia nikakumbuka babu yangu alivyokuwa anaangalia gamba la kaa anakwambia huyu katoka kujivua juzi.

Halafu kuna wenye mto. Msomaji wenu aliandika kama vile hii kazi ni ya wazungu wenye hela za kuchezea. Wanisqually ni kabila la wenyeji wa hapo, na mkataba wao na serikali ya Marekani, wao na wenzao wa jirani, ulisainiwa hapohapo kwenye delta tarehe 26 Desemba 1854, pembeni ya kijito. Walitoa ardhi karibu yote, kitu walichokishikilia ni haki ya kuvua sehemu zao za siku zote. Karne iliyofuata jimbo likawa linawakamata kwa kuvua hukohuko. Kulikuwa na mmoja anaitwa Billy Frank Jr, alikamatwa mara ya kwanza 1945 akiwa na miaka 14, na mpaka vurugu zinaisha alishakamatwa zaidi ya mara 50, mara hamsini mhariri, kwa kutega nyavu kwenye mto wa babu yake! Mwaka 1974 jaji George Boldt akaamua kwamba mkataba ni mkataba, makabila yana haki ya nusu ya samaki wanaoruhusiwa kuvuliwa. Sasa fikiria, umeshinda kesi, umepewa nusu, halafu samaki wenyewe wanapungua. Nusu ya nini? Ndiyo maana kabila likaanza kubomoa matuta upande wake wa mashariki mwa mto, kipande kidogo 1996, wakaongeza, 2006 wakafungua kama ekari 100. Serikali ikafuata 2009 upande wa lile shamba la Brown, ambalo tangu 1974 lilishakuwa hifadhi ya wanyamapori, ekari 762 zikaingiliwa na bahari tena. Billy Frank alifariki 2014, mwaka uliofuata hifadhi ikapewa jina lake. Aliyekuwa anafungwa pingu pale leo ndiye yupo kwenye kibao cha getini.

Tusifanye kana kwamba watu wote walishangilia. Mi huku nalea wazee majumbani, na mzee mmoja ninayemhudumia amezaliwa maeneo haya, mpaka leo ukitaja 2009 anakunja uso. Juu ya lile tuta kulikuwa na njia ya kuzunguka kama maili 5 na nusu, yeye na marehemu mkewe wameitembea miaka na miaka, siku greda zilipoingia alikataa kwenda kuangalia. Kulikuwa pia na wawinda bata waliolalamika, na wapenda ndege wa maji baridi nao wakasema bata wao wataenda wapi, ikabidi lijengwe tuta jipya fupi kwa ndani kulinda kipande cha kinamasi kisicho na chumvi. Siwalaumu. Mtu akishazoea kitu miaka 100 anaona Mungu ndiye alikiweka.

Siku hizi namsukuma kwenye kiti chake juu ya daraja la mbao walilojenga, linaingia mpaka ndani kwenye delta, karibu maili nzima. Siku moja maji yamepwa kabisa, akanyoosha fimbo akaniambia, "Ona sasa, tope tupu." Nikamwambia mzee, kwetu tope kama hili asubuhi hii ungekuta kina mama wameshaingia na ndoo. Akaniuliza wanatafuta nini. Tukaongea kaa na kamba mpaka mvua ikaanza, na mvua ya huku haiulizi.

Ila hapa ndipo nataka msomaji wenu asome polepole, maana ndipo alipokosea zaidi. Yeye anadhani kubomoa tuta ndiyo kazi yenyewe. Kubomoa ni greda na miezi michache. Wakati shamba limefungiwa, ardhi ya ndani ilikuwa inashuka. Udongo wa kinamasi ukiukausha maji yanatoka, ile mizizi mizee iliyolala chini inapata hewa inaoza, ng'ombe wanakanyaga, na mto uliokuwa unaleta tope jipya kila mafuriko umezuiwa na tuta. Kwahiyo bahari iliporudi 2009 ilikuta nyumba imedidimia. Sehemu za juujuu majani ya chumvi yamerudi vizuri, sehemu za chini zimebaki uwanja wa tope, maji yanakuwa marefu mno majani hayashiki. Dawa yake ni tope jingine lije lipandishe ardhi, na tope lenyewe sehemu kubwa linaishia juu huko nyuma ya bwawa la umeme la Alder, lipo tangu miaka ya 1940. Na bahari nayo inapanda. Juu ya hayo barabara kuu ya I-5 imekatiza delta juu ya kifusi, magari usiku na mchana, mto umebanwa kwenye kidaraja, sasa hivi ndo wanazungumzia kuinyanyua juu ya nguzo ili maji yapite chini.

Na samoni mfalme wa Puget Sound waliingizwa kwenye orodha ya walio hatarini mwaka 1999 na mpaka leo hawajatolewa. Watoto wake wanaonekana wanaingia kwenye vijito vipya, hiyo ipo wazi, lakini mtu asiseme kazi imeisha. Kuna wanaosema si watotoleshe tu kwenye mabwawa, na wanatotolesha, kabila lenyewe lina vituo vyake, ila na hao wa kutotoleshwa wakifunguliwa njia ni hiyohiyo, lazima wapite mlangoni mwa mto. Hata wale nyangumi wenye mabaka meusi na meupe, orca, wanaokula huyu samoni wanahangaika, 2018 mama mmoja alibeba mtoto wake aliyekufa siku 17 anaogelea naye, watu huku walilia kama msiba wa jirani.

Sasa turudi Rufiji. Kamba wetu safari yake ni kinyume cha samoni, yeye anazaliwa baharini, mtoto anaingizwa na maji yakijaa mpaka kwenye mikoko, anakulia humo, akishapata mwili anarudi baharini ndipo anakutana na nyavu. Mmoja anatoka juu mwingine anatoka chini, wanaishia kwenye tope la aina moja. Ndiyo maana nikisoma "pori la mikoko limekaa bure" nashindwa kunyamaza. Mi mwenyewe nimekula mpunga wa kwenye mikoko, sio malaika, marehemu baba alikata mikandaa akapanda, miaka ya mwanzo mavuno mazuri, halafu magugu, kaa wanakata miche usiku, tukahama tukakata pengine. Sikusudii kumtukana mkulima wa delta, mwenye njaa haulizwi habari za kamba. Namuuliza yule wa mjini anayeandika kwenye gazeti kwamba ni pori.

Na kuna hili la tope, linaninyima usingizi hata kuliko la mpunga. Bwawa la Julius Nyerere lilianza kujazwa maji Desemba 2022, megawati 2,115, umeme tunauhitaji na nyumbani sasa wanawasha feni, nashukuru. Lakini ni mto uleule unaoijenga delta yetu. Nikisimama pale Nisqually naangalia tope lilivyo haba najiuliza kule Nyamisati na Salale mafuriko yanaleta rangi gani siku hizi, bado yanakuja mekundu? Nimempigia shangazi kumuuliza, akanicheka, "Wewe mwanangu umeenda Ulaya kuuliza rangi ya maji?" Kwake Marekani nayo ni Ulaya. Akasema atamuuliza mume wake.

Kwahiyo mhariri, ombi langu ni dogo, kama mna mwandishi wa upande wa Kibiti mtumeni akae delta bamvua moja zima, sio kwenda na kurudi siku hiyohiyo, awaulize wavuvi wa kamba na wakina mama wa kaa maji yana rangi gani na kina kimekuwaje, aandike walivyosema. Nauli ya boti nitachangia. Na barua ikiwa ndefu kata hapo kwa mzee wangu na fimbo yake, yeye hasomi Kiswahili, lakini hapo kwenye ardhi kudidimia naomba usikate.

Wako,
Mrufiji wa Lacey, Washington, Marekani