Taa huyu si taa hii

Ndugu Mhariri,

Mjukuu wangu wa kidato cha pili alipewa kazi ya shule kuhusu viumbe wa baharini. Akaiuliza programu ya kwenye simu: taa anavuliwaje? Ikamweleza kwa ufasaha habari za karabai, zinavyowashwa usiku wa giza ili dagaa wakusanyike. Akanijia mbio: "Babu, kumbe taa ni karabai?" Mimi niliyekuwa bwana samaki hapa Pangani miaka 31 nilicheka, kisha nikanyamaza. Taa ni yule bapa mwenye mkia wa mwiba. Hunaswa kwa jarife, na akiwa ng'onda, akapikwa kwa nazi, hutaki mtu akuite.

Kosa la namna hii si geni. Kule Pittsburgh, Marekani, katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Tom Mitchell na wenzake waliwasha kompyuta Januari 2010, wakaiita NELL, isome kurasa za intaneti usiku na mchana. Waliipa aina za vitu na mifano michache tu. Ikikuta "miji kama vile", neno linalofuata hulishuku kuwa ni mji. Ikilikuta hivyo pengi, huamini. Basi ikavitia vidakuzi vya intaneti, yaani vijifaili ambavyo tovuti huviacha kwenye kompyuta ya msomaji, katika fungu la vyakula vya kuoka, maana neno lake la Kiingereza, cookies, ni biskuti pia. Na kwa kuwa watu huandika kwamba wamefuta vidakuzi, na pengine kwamba wamefuta mafaili, mafaili nayo yakaingia tanuri! Ikabidi binadamu waingilie kati.

Programu za leo zimeundwa vingine, ila nazo zinakula maandishi. Na Kiswahili kinazisaidia kwa ngeli: samaki ni taa huyu, karabai ni taa hii. Mjukuu alisema "anavuliwaje". Ile a- peke yake ilitosha kuonyesha kwamba anayeuliziwa ana uhai. Kompyuta iliyosoma habari za wavuvi vya kutosha ingeng'amua. Lakini ingezisoma wapi?

Hapo nawageukia ninyi. Safu yenu ya wavuvi haipo mtandaoni. Siasa ipo, usajili wa wachezaji upo, ndoa za wasanii ndiyo usiseme. Ukurasa wa wavuvi mkiuweka, mnaweka picha yake, tena ndogo, herufi hazisomeki hata kwa miwani yangu. Toleo moja mliandika "samaki kama vile taa, chewa na changu". Sentensi ya aina hiyo hiyo ndiyo iliyokuwa ikimfundisha NELL, nanyi mmeiacha ikafungiwa maandazi.

Nimekata vipande vya safu hiyo tangu 1998, vimejaa madaftari matatu. Mjukuu anafunga shule Juni na anachapa haraka kunishinda. Mkikubali kuvipandisha kwa maandishi, tutavichapa bure. Ila wekeni mtu wa kuhakiki hapo kwenu, maana kolekole mmewahi kumwandika "kelekele".

Bwana samaki mstaafu,
Pangani, Tanga