Cheni Mpya Inaruka? Kabla Hujatuita Matapeli, Soma Hapa

Wiki hii tumetukanwa tena. Kijana mmoja kaingia karakana anasukuma baiskeli yake ya gia, jasho linamtoka, na kabla hata ya salamu: "Fundi, mmenifungia cheni feki! Nikikanyaga kupanda kilima cha Chimwaga hapa Dodoma inaruka, nusura niache meno kwenye usukani." Wateja wengine wamekaa kwenye benchi wanasubiri zamu, wote masikio wazi. Mzee mmoja wa mkaa akatikisa kichwa kama kwamba kesi imeshaisha.

Tulifungua daftari. Siku aliyokuja kubadilisha cheni, mbele ya jina lake tuliandika: "Amekataa friwili," yaani ile gia ya nyuma yenye meno inayovutwa na cheni. Tunaandika hivyo kwa sababu maneno haya tunayasikia kila mwezi na tumechoka kubishana kwa kumbukumbu. Siku ile tulimwonyesha meno ya friwili yalivyochongoka na kulalia upande mmoja. Akasema, "Hiyo bado inadai fundi, nifungie cheni tu, hali ngumu." Tukamfungia cheni tu. Pesa ni yake.

Sasa tueleze, maana si yeye peke yake.

Cheni ya baiskeli, iwe ya Phoenix ya mzee wako au ya gia saba, ina kipimo kimoja: kutoka pini hadi pini ni nusu inchi. Ukihesabu nafasi 24 za pini kwenye cheni mpya, unapata inchi 12 kamili. Watu husema cheni "imevutika", lakini chuma hakivutiki kama mpira. Kinacholika ni pini na matundu yake kwa ndani, kila pingili inapata nafasi kidogo, na nafasi hizo zikijumlishwa cheni inakuwa ndefu. Meno ya friwili nayo yanalika kufuata cheni hiyo ndefu. Wanazeeka pamoja na wanaelewana, ndiyo maana ile ya zamani haikuruka. Ukileta cheni mpya yenye nusu inchi halali, inapanda juu ya meno yaliyochakaa badala ya kukaa katikati yake. Barabara tambarare hutaona kitu. Ukifika mlimani ukakanyaga kwa nguvu, kraa! Goti kwenye usukani.

Chukua rula ya inchi 12, siyo ile ya shule inayoishia sentimita 30, maana inchi 12 ni sentimita 30 na nusu hivi. Weka sifuri katikati ya pini moja, vuta cheni ikaze, uangalie pini ya 24 kutoka hapo. Ikiangukia kwenye 12 sawasawa, endelea na safari. Ikizidi kwa sehemu moja ya kumi na sita ya inchi, yaani milimita moja na nusu, badilisha cheni sasa na mara nyingi friwili itapona. Ukisubiri hadi izidi milimita tatu, andaa pesa ya vyote viwili, na wakati mwingine gia ya mbele pia. Hapo ndipo "hali ngumu" inapokula hela mara mbili: kijana wetu amerudi kununua friwili, na cheni yake mpya imeshaanza kuharibiwa na ile mbovu.

Kwa wenye baiskeli za gia moja, njia yenu ya mkato tunaijua: "Fundi, nikatie pingili, cheni imelegea." Pingili zilizobaki zimelika vilevile, ukikata mbili au nne hujaponya hata moja. Kama cheni ni nzima ila imelegea, tunalegeza nati za gurudumu la nyuma na kulivuta nyuma, mpaka cheni ukiisukuma kwa kidole katikati icheze kama nusu inchi juu na chini. Ikikazwa kama kamba ya kuanikia nguo inaua gololi za nyuma, kwa hiyo usiongeze mwenyewe ukifika nyumbani.

Halafu kuna oili chafu. Hii ya gereji, inayomwagwa kutoka kwenye injini za magari, ambayo watu wanaiomba bure na kuimwagia cheni mpaka inadondoka. Dodoma hii! Kuanzia Juni mpaka mvua za Desemba ni vumbi na upepo, na ukipita Nkuhungu au Ipagala kwenye njia zisizo na lami unarudi nyumbani na kope nyekundu. Vumbi lile likinata kwenye oili nzito unapata msasa wa maji unaosaga pini kila unapokanyaga. Ile rangi nyeusi kwenye suruali yako imechanganyika na chuma cha cheni yako kinachoondoka.

Tunachofanya sisi: tunasugua cheni kwa brashi na mafuta ya taa, tunaifuta, tunaiacha ikauke kabisa, kisha tone moja la mafuta mepesi kwenye kila pingili. Mafuta ya cherehani yanatosha kwa msimu wa kiangazi. Tunazungusha pedeli kinyumenyume kidogo, halafu tunafuta yote ya juu kwa kitambaa. Mteja mmoja mama wa maziwa alitulalamikia kwamba tunafuta mafuta aliyoyalipia. Mama, mafuta yanayofanya kazi yako ndani ya pingili. Ya nje yanakamata vumbi tu.

Pancha nayo ina malalamiko yake: "Mmeziba jana, leo imetoka tena." Nchi ya Wagogo ina migunga na mbigili, na mwiba una tabia ya kukatikia ndani ya tairi ukabaki ncha tu, huioni kwa nje. Ukitoa tyubu, ukabandika kiraka na kurudisha bila kupapasa tairi kwa ndani, ncha ile ile inatoboa tena, pengine kabla hujafika Sabasaba. Kwa hiyo ukiona fundi wetu anazungusha kitambaa ndani ya tairi taratibu, hajachelewa. Anatafuta mahali kitambaa kinapokwama. Na ukipewa kiraka, acha solusheni, ile gundi ya kiraka, ikauke mpaka ukigusa haitoki na kidole. Wanaobandika ikiwa mbichi ndio wanaorudi.

Upepo ujaze pia. Kipimo kimeandikwa ubavuni mwa tairi, sisi tunakisoma kwenye geji, hatubonyezi kwa dole gumba. Wenye dumu za maji ndio wagomvi wakubwa hapa. Dumu nne za lita 20 ni kilo 80 za maji kabla hujahesabu wewe mwenyewe, na tairi likiwa nusu upepo, ukipiga shimo tyubu inabanwa kati ya jiwe na rimu, inatoboka matundu mawili sambamba. Tukiona matundu mawili hatutafuti mwiba. Spoku moja ikikatika, wanaendelea kubeba. Gurudumu la nyuma la baiskeli kubwa lina spoku 40, la mbele 32, wanaona moja si kitu. Mzigo wa ile moja unahamia kwa jirani zake, nazo zinakatika, na tunaletewa rimu iliyopinda kiasi kwamba kunyoosha ni kazi ya nusu siku au hainyooki kabisa. Spoku moja ingekuwa kazi ya dakika.

Kuna kitu ambacho hatukitozi na bado watu wanakikataa: urefu wa siti. Mwalimu mmoja, mteja wetu wa siku nyingi, alikuwa anasumbuliwa na magoti kwa mbele. Amepaka dawa za kuchua, amefunga bandeji, amekunywa majani ya kila aina aliyoelekezwa. Siti yake ilikuwa chini, magoti yanakaribia kifua. Kwa nini? "Nataka miguu yangu ikanyage chini nikisimama." Mwalimu, ukisimama unashuka kwenye siti, unaweka mguu mmoja chini. Siti ni ya kuendeshea.

Kipimo hiki fanya hata nyumbani. Egemea ukuta ukiwa juu ya baiskeli na viatu vyako vya kila siku, peleka pedeli moja chini kabisa, weka kisigino juu yake. Mguu unyooke bila kiuno kuinama upande. Ukiendesha unakanyaga kwa sehemu pana ya mbele ya mguu, si kwa kisigino, na goti litabaki limekunjika kidogo. Goti likiuma mbele, mara nyingi siti ni fupi. Likiuma nyuma, au makalio yakicheza kushoto na kulia ukiendesha, siti imezidi. Usipandishe ukapita alama iliyochongwa kwenye bomba la siti. Likitoka juu zaidi ya hapo linapasua fremu. Siti yenyewe ilale sawa, isiinue pua. Vijana wa mtaani wanaoinua pua kwa mtindo ndio hao wanaolalamika ganzi.

Na kama fremu ni kubwa kwako, hatuwezi kuifupisha. Ukisimama katikati ya baiskeli, miguu chini, bomba la juu likikugusa, hiyo baiskeli ni ya kaka yako. Kabla ya kununua mtumba kwa sababu rangi inang'aa, ipitishe hapa tuitazame. Bure.

Kuchomelea hatufanyi. Kila wiki mtu analeta kranki, ule mkono wa chuma unaoshika pedeli, ikiwa imechomelewa pedeli, na ukimuuliza anasema nati "ilikuwa haikazi". Pedeli ya kushoto inakazwa kinyume, kwenda kushoto. Ukilazimisha kulia unachuna nyuzi za kranki, na hapo ndipo welda anaitwa. Siku pedeli hiyo ikifa unanunua vyote. Kotapini, ile pini inayobana kranki kwenye ekseli yake, ikibadilishwa na msumari nayo iko kundi hilohilo.

Mnauliza kwa nini servisi kubwa ni shilingi 15,000 wakati chini ya mwembe pale ni 5,000. Pale watakupaka grisi juu ya vumbi. Hapa tunafungua magurudumu yote mawili, kranki na shingo ya usukani, tunaosha gololi, tunaangalia njia zake kama zimechimbika, gololi zilizokwaruzwa tunatupa mbele yako, tunaweka grisi mpya na kukaza mpaka gurudumu lizunguke bila kucheza. Ni asubuhi nzima ya fundi mmoja. Ukitaka ya 5,000, nenda, hatugombani. Ila ukirudi na gololi zilizovunjika, bei ya gololi inaongezeka juu.

Kijana wa Chimwaga tulimfungia friwili kwa bei ya kununulia, ufundi tukamwachia. Cheni tuliipima kwa rula mbele ya mzee wa mkaa: haijafika alama ya kwanza. Ikianza kuzidi, aje mapema. Tunafungua saa mbili asubuhi, Jumapili tunapumzika, na pancha zinapokelewa mpaka saa kumi na mbili jioni.