Risala ya Klabu ya Anga kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mwenyekiti wa Bodi ya Shule, Mkuu wa Shule, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu, itifaki imezingatiwa.

Karibu sana Mbozi. Tunakushukuru kwa kufika wewe mwenyewe, maana wapo walioalikwa wakatuma salamu.

Klabu ilianza na wanachama wachache, sasa ni wengi. Mafanikio ni makubwa. Tumekizuru Kimondo cha Mbozi, pande la chuma la tani zipatazo 16 lililotoka angani, tukakipima kwa futikamba na kuafikiana na wataalamu kuwa kina urefu wa mita 3 hivi. Aidha, tumeielimisha kata nzima kwamba mwanga mkali ukipasua anga, mtu asikimbilie dirishani. Mwaka 2013 huko Chelyabinsk, Urusi, jiwe la mita 20 hivi lilipasuka angani. Watu zaidi ya 1,000 walijeruhiwa, wengi kwa vioo vya madirisha vilivyovunjwa na mshindo uliofuata mwanga. Tangu tutoe elimu hiyo, katani hajajeruhiwa mtu.

Mheshimiwa, ombi letu ni moja: darubini.

Usiku wa Ijumaa, 13 Aprili 2029, kuamkia Jumamosi, asteroidi Apophis, yaani mwamba wa angani unaolizunguka Jua, yenye upana wa zaidi ya mita 300, itapita kilomita 32,000 hivi kutoka uso wa dunia, karibu kuliko baadhi ya satelaiti za mawasiliano. Wazazi msihofu, haitatugonga. Huku Afrika asteroidi hiyo itaonekana kwa macho matupu, ni kweli, ila kama nukta inayotembea, na kuifuata nukta kwa darubini hakufundishwi usiku huohuo.

Mgeni rasmi aliyekutangulia alituahidi darubini kabla ya mvua. Mvua zimenyesha, zimekatika, zimenyesha tena. Kwa kumwamini, wazazi walichanga, tukajenga nguzo ya zege nyuma ya maabara ya kuisimikia. Leo wapishi wanaanikia masufuria juu yake. Barua zetu za kukumbushia zimejibiwa kuwa suala linafanyiwa kazi. Hatulalamiki, Mheshimiwa, tunataja tu kwa kuwa Apophis haijaomba kuahirishiwa.

Darubini yenye kioo cha inchi 8 inatutosha. Kabati lenye kufuli lipo, na mwalimu wa fizikia yuko tayari.

Tunaomba jibu lako ulitamke hapa jukwaani, pamoja na mwezi na mwaka, Katibu aliingize kwenye muhtasari. Kalamu anayo mkononi.

Tunaomba kuwasilisha.